Keekee ya betri kwenye barafu: kuichagua, kutoboa nayo, na kuzuia betri isizime kabla ya saa nne asubuhi

Januari ikifika, ziwa Mille Lacs, kaskazini mwa Minneapolis katika jimbo la Minnesota, Marekani, huwa limeganda na lina barabara, vibanda na magari juu yake, na chini ya hayo yote samaki kama walleye, crappie na perch wanaendelea kula. Anayetaka kuwavua lazima atoboe barafu. Zamani kitoboleo kilikuwa keekee ya mkono, ikaja ya petroli yenye kelele na moshi. Leo anayeanza, awe ametoka Kisumu au Bukavu, hana sababu kubwa ya kununua nyingine zaidi ya ile ya betri. Ni nyepesi, haina kamba ya kuvuta ukiwa na vidole vilivyokufa ganzi, na kwa kuwa haitoi moshi unaweza kutoboa ndani ya hema lililokwisha kufungwa. Ya petroli ukiiwasha mle ndani unajitia sumu.

Malalamiko yapo, lakini mengi ya yale yanayotupiwa mota ni makosa ya betri iliyopoa au visu vilivyokuwa butu. Ukivitunza hivyo viwili, hata drili ya kawaida ya fundi inatosha.

Barafu kwanza

Idara ya Maliasili ya Minnesota inashauri inchi 4 za barafu mpya, angavu, ndipo mtu atembee juu yake; hiyo ni sentimita 10. Pikipiki ya theluji inataka inchi 5 hadi 7, gari dogo 9 hadi 10, na pikapu ya kawaida ngoja 13. Vipimo hivyo ni vya barafu angavu, ile inayoonekana nyeusi au ya buluu ukiitazama kutoka juu. Barafu nyeupe iliyotokana na theluji iliyolowa ina nguvu kama nusu ya hiyo, kwa hiyo zidisha kila kipimo mara mbili.

Usiingie na keekee peke yake. Tangulia na mtaimbo, uupige chini kwa nguvu mbele yako kila hatua chache. Ukipenya kwa pigo moja au mawili, rudi kwa njia ile ile uliyojia. Ukiona barafu inabeba, toboa shimo la kupimia kila mita 45 hivi. Ingiza futi ya kupimia yenye ndoano, ikamate ukingo wa chini wa barafu, usome. Unene haulingani ziwa zima: penye chemchemi, mlango wa mto, daraja, au gati lenye mashine ya kupuliza mapovu, barafu inaweza kuwa nyembamba mita chache tu kutoka ile iliyobeba gari. Vaa jaketi okozi, na shingoni uning'inize misumari miwili ya mkononi ya kujivutia ukitumbukia. Keekee haitakuokoa.

Leseni ya uvuvi ya jimbo inahitajika kuanzia miaka 16, na katika maziwa mengi unaruhusiwa nyuzi mbili za kuvulia wakati wa baridi. Msimu wa walleye katika maziwa ya ndani ya jimbo hufungwa Jumapili ya mwisho ya Februari. Crappie na perch huendelea.

Upana wa shimo

Hapa ndipo pesa na betri zinapopotea. Keekee zinauzwa kwa inchi: 6, 8 na 10. Usichukue pana bila sababu. Kazi ya mashine inafuata ujazo wa barafu unaoondolewa, na ujazo unakua kwa mraba wa upana.

Chukua barafu ya sentimita 60, unene wa kawaida wa katikati ya msimu kaskazini. Shimo la inchi 6 linatoa kama lita 11 za barafu, yaani nusu ya ndoo ya maji. La inchi 8 linatoa kama lita 19 na nusu, ndoo nzima. La inchi 10 linafika lita 30, ndoo moja na nusu. Kwa hiyo betri iliyotoboa mashimo 30 ya inchi 6 itatoboa kama 17 ya inchi 8, na 10 au 11 tu ya inchi 10.

Kwa crappie, perch na bluegill, inchi 6 inatosha, na ndiyo tunayoipendekeza kwa anayetumia drili. Kwa walleye, inchi 8 ni bora: samaki mnene wa kilo mbili anaweza kupita kwenye ya 6, lakini akigeuza kichwa kwenye ukingo wa chini uzi unakatika. Inchi 10 waachie wanaowinda pike wakubwa.

Drili ya fundi au mashine kamili

Njia ya kwanza ni kufunga parafujo ya barafu, ule mwili wa keekee uliosokotwa kama skurubu na wenye visu chini, kwenye drili ya betri ya volti 18. Ikiwa drili unayo tayari, ndiyo rahisi kuliko zote, lakini drili nyingi za nyumbani hazifai. Inatakiwa iwe na mota isiyotumia kaboni, mdomo wa kubana wa milimita 13 wa chuma, kishikio cha pembeni, na nguvu ya kuzungusha isiyopungua nyutoni mita 80. Namba hiyo huandikwa kwenye karatasi ya vipimo. Isipoandikwa, chukulia haitoshi.

Parafujo nayo iwe nyepesi, ya plastiki ngumu au alumini yenye kichwa cha chuma. Parafujo nzito ya keekee ya petroli ukiifunga kwenye drili utaua giaboksi kabla ya msimu kuisha. Na kati ya mdomo wa drili na parafujo lazima kuwe na sahani ya plastiki pana kuliko shimo. Wapo wanaoidhania pambo. Mtikisiko hulegeza mdomo wa drili, na barafu ikikatika upande wa chini parafujo huchomoka ikashuka kimyakimya hadi chini ya ziwa. Sahani hiyo ndiyo inayoizuia. Kaza mdomo wa drili kwa mkono kabla ya shimo la kwanza, kisha tena baada ya la pili, kwa kuwa hapo vyuma vimekwisha kupoa na kunywea.

Kuna pia kishikilio cha mikono miwili ambacho drili hufungwa ndani yake. Kinagharimu zaidi na kuongeza uzito, lakini kinaiondolea drili mkazo na kuukinga mkono wako. Kwa inchi 8 tunakiona cha lazima.

Njia ya pili ni mashine kamili, mara nyingi ya volti 40, yenye mota, vishikio viwili, parafujo na betri yake. Ni nzito kuliko drili, nyepesi kuliko ya petroli, na haitishwi na inchi 8 au 10. Nyingi zina swichi ya kurudisha nyuma, ambayo faida yake tutaiona kwenye uji wa barafu. Atakayevua mara mbili tatu kwa mwaka asijitie hasara. Anayelala kibandani kila wikendi aichukue.

Visu

Chini ya parafujo kuna visu viwili. Aina ya kwanza ni visu bapa vyenye makali laini kama ya randa. Vinakata haraka na kwa utulivu kwenye barafu safi, lakini ni dhaifu: mchanga ulioletwa na matairi ya magari, au kugusa tope na jiwe chini ya maji mafupi ya ufukweni, huvimaliza kwa sekunde moja. Tena havifai kufungua shimo la jana lililoganda. Kisu kinakamata ukingo wa shimo la zamani upande mmoja, kinapinda, na mashine inakuzungusha wewe.

Aina ya pili ina meno. Inatoboa kwa kubanjua kuliko kunyoa, inatikisa zaidi, lakini inavumilia barafu chafu na inafungua mashimo ya zamani bila ugomvi. Kwa mwenye hema analolirudia kila wiki, meno.

Ukitaka kujua hali ya visu, usiguse kwa kidole. Tazama kinachotoka shimoni. Visu vikali vinatoa vipande bapa, vyepesi, mithili ya nazi iliyokunwa, na parafujo inajivuta yenyewe kwenda chini. Visu butu vinatoa unga, mlaini kama sembe, na unajikuta umeegemea mashine kwa kifua. Ukishaona unga, kuegemea zaidi hakukusaidii. Unachemsha mota tu.

Kubadilisha ni kazi ya dakika kumi. Toa betri kwanza. Badilisha visu vyote viwili pamoja, vya aina moja na vya mashine hiyo hiyo, kwa sababu kisu kipya na cha zamani havikati kina sawa na parafujo itayumba. Futa unga na kutu mahali kisu kinapokaa, kwani hata chembe ndogo hubadilisha pembe ya kisu. Kaza skurubu bila kuzikomoa. Usinoe visu bapa kwa jiwe la umeme: joto linaua ugumu wa chuma na pembe inapotea, halafu utashangaa kisu kinang'aa lakini kinateleza.

Betri na baridi

Betri ya lithiamu haipotezi umeme wake kwa baridi, inakataa kuutoa. Ndani kwake kila kitu kinakwenda polepole, ukinzani unapanda, na mota inapodai mkondo mkubwa volti huanguka ghafla. Saketi ya ulinzi ikiona volti imeshuka inadhani betri imekwisha, inazima. Ndiyo maana mtu anatoboa shimo moja asubuhi, mashine inakata, taa zinaonyesha chaji mbili kati ya nne, na anarudi nyumbani akilaumu kiwanda. Betri hiyo hiyo ikipashwa joto kifuani kwa dakika ishirini inafanya kazi tena.

Kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri tegemea kupoteza robo hadi nusu ya uwezo. Panga hivi: betri isiyopungua ampea saa 5, na ya pili ya akiba. Kwenye drili ya volti 18, betri ya ampea saa 8 au zaidi ina faida nyingine kuliko kudumu tu. Ina seli nyingi zaidi au kubwa zaidi zinazogawana mzigo, kwa hiyo volti haianguki sana. Ile ndogo ya ampea saa 2 inayokuja na drili iache nyumbani. Itakata kabla ya kufika sentimita 30.

Kasha la kubebea soda baridi ndilo la kubebea betri moto. Weka ndani chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo, betri juu yake, funika. Chomeka betri kwenye mashine ukiwa tayari kutoboa, toboa mfululizo mashimo yote unayoyataka, kisha ichomoe irudi kashani. Kuiacha kwenye keekee iliyosimamishwa thelujini huku unavua saa tatu ndiko kunakoiua. Usiiweke juu ya hita ya gesi wala mbele ya moto wake.

Kuchaji ni kosa jingine, na hili haliponi. Betri iliyo chini ya nyuzi 0 isichajiwe kamwe: lithiamu inajipaka ndani kama chuma badala ya kuingia mahali pake, na uwezo uliopotea haurudi. Ukifika nyumbani iache ndani ya nyumba saa mbili tatu, ikiwa kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa ili unyevu ugande kwenye plastiki na si kwenye vituo vya betri. Ikishafikia joto la chumba, chaji. Chaja nyingi nzuri hukataa zenyewe betri baridi, lakini usizitegemee.

Kutoboa

Ondoa theluji kwenye duara la nusu mita hadi uione barafu. Ukiiacha, maji yatakayopanda yataigeuza tope litakalogandisha buti zako. Ingiza ncha za skafu na kamba za kofia ndani ya jaketi, kwani parafujo inayozunguka inazipenda. Glavu ziwe za kubana, zisiwe zile kubwa zenye kidole gumba tu.

Drili iwe gia namba 1, kwenye alama ya kutoboa, wala si ya nyundo au ya skurubu. Gia ya pili ina kasi lakini haina nguvu. Simama miguu ikiwa imeachana kwa upana wa mabega, parafujo iwe wima kabisa. Mkono wa kulia kwenye swichi, wa kushoto kwenye kishikio cha pembeni, nao uukaze. Parafujo inazunguka kufuata saa, kwa hiyo ikikwama, drili yenyewe itageuka kinyume na kishikio cha kushoto kitarudi kuelekea tumbo lako kwa nguvu ya kuvunja kifundo cha mkono. Kushika drili ya namna hii kwa mkono mmoja ni ujinga, hata kama shimo la kwanza lilikwenda salama.

Anza polepole mpaka visu vikamate duara lake, sentimita mbili tatu, halafu bonyeza swichi hadi mwisho. Baada ya hapo usisukume, ongoza tu. Visu vikiwa vikali, sentimita 30 zinapita kwa sekunde kumi na kitu. Kwenye barafu nene, kila sentimita 30 inua parafujo kidogo ikiwa bado inazunguka ili itoe vipande vilivyojaa, la sivyo vitajikandamiza na kuibana.

Sehemu inayokwamisha wengi ni sentimita tano za mwisho. Utasikia sauti inabadilika, inakuwa nzito, na rangi ya vipande inakuwa ya kijivu kwa maji. Hapo inua uzito wako wote, hata beba mashine kidogo, lakini usipunguze kasi. Ukizidi kusukuma, kisu kinashuka chini ya ukingo na kukamata kipande cha mwisho kilichobaki kama kijisahani. Mashine inasimama ghafla. Ukibeba uzito, visu vinakila kijisahani hicho polepole, maji yanabubujika, umetoboka.

Maji yanapopanda yanaleta uji wa barafu. Shusha parafujo yote chini ya barafu, kisha ivute juu kwa mkupuo mmoja huku inazunguka: inatoa uji karibu wote kama ndoo inavyotoa maji kisimani. Achia swichi kabla visu havijatoka mdomoni mwa shimo, usije ukamwagia mota maji. Mashine yenye swichi ya kurudisha nyuma inaweza badala yake kuusukuma uji chini ya barafu. Fanya hivyo ndani ya hema, ambako hutaki kulowanisha sakafu. Uji uliobaki uteke kwa upawa wa matundu.

Toboa mashimo yote kwanza, kumi au ishirini, kwa mstari kutoka maji mafupi kwenda kina, yakiachana mita 3 hadi 5. Kelele ziishe, betri irudi kashani, ndipo uanze kuzunguka shimo kwa shimo na sona, kile kifaa cha kutafutia samaki kwa mawimbi ya sauti. Wanaotoboa moja, wakavua nusu saa, wakatoboa jingine, wanawafukuza samaki kila mara na kutumia betri iliyopoa kila mara.

Ikigoma

Parafujo inazunguka lakini haingii, inateleza tu. Kama unaona unga, visu ni butu. Kama haitoi chochote, visu vimefunikwa na barafu: maji ya shimo lililopita yameganda kwenye makali. Kosa la kila siku ni kugonga parafujo kwenye barafu ili idondoke. Unapindisha visu na kuyaua makali. Itumbukize kwenye shimo lenye maji dakika moja, barafu italainika, kisha ikwangue kwa kijiti au plastiki. Ukihama, zungusha parafujo hewani sekunde mbili ili maji yatoke, halafu uvike visu kifuniko chake.

Imekwama chini kabisa na haitoki. Usibonyeze swichi tena na tena, utaunguza mota. Rudisha nyuma nusu mzunguko, inua, endelea mbele taratibu. Kama ni drili, toa betri na uzungushe parafujo kinyume na saa kwa mikono.

Mota ina moto na harufu. Pumzika dakika kumi. Usiifukie thelujini ili ipoe, kwa kuwa theluji inayeyuka na kuingia kwenye matundu ya hewa.

Parafujo imefika mwisho na maji hayajaonekana. Nyingi zinafika sentimita 85 hadi 100. Kaskazini zaidi, kwenye Lake of the Woods mwishoni mwa msimu, tembea na kipande cha kuongezea, nacho ukifunge kabla ya kuanza, si ukiwa na shimo nusu.

Maji yanapanda shimoni na kufurika juu hata baada ya kumaliza. Hiyo si kosa la mashine: theluji nzito imeikandamiza barafu na umeyafungulia maji tundu. Hamisha hema mahali penye theluji haba.

Ukirudi

Suuza parafujo kwa maji safi, ikauke ndani ya nyumba, paka visu mafuta mepesi, vika kifuniko. Ukiiacha na maji kwenye gari, asubuhi utakuta kutu ya rangi ya chungwa kwenye makali, na kutu hiyo ni nusu ya safari ya kuwa butu. Msimu ukiisha, betri zisihifadhiwe zikiwa zimejaa wala tupu. Ziache na chaji kama nusu, ndani ya kabati la nyumba badala ya gereji, na uzitazame taa zake kila baada ya miezi miwili mitatu.